Utitiri Mwindaji wa Ncha ya Mhogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa maafisa ugani, wanafunzi wa kilimo na wakulima wa mhogo wanaotaka kumjua huyu kiumbe kwa undani kidogo: mwili wake ulivyo, ukoo wake, na kwa nini wataalamu wanamhesabu nywele moja moja. Maswali mengine niliulizwa shambani, mengine mbele ya hadubini.

Ni utitiri gani hasa tunaomzungumzia?

Jina lake la kisayansi ni Typhlodromalus aripo. Ni utitiri mwindaji anayeishi ndani ya ncha changa ya mhogo na kula utitiri wa kijani, yule anayeudumaza mhogo wakati wa kiangazi. Alielezwa kwa mara ya kwanza na Donald De Leon mwaka 1967, katika kazi yake juu ya utitiri wa eneo la Karibi. Aripo ni jina la mahali huko Trinidad, kwenye milima ya kaskazini ya kisiwa hicho.

Hutamkwa kama lilivyoandikwa: a-ri-po. Wale ambao ndimi zao hazitofautishi r na l humwita "alipo", na mimi nimeacha kuwasahihisha. Mwisho wa yote, swali la kwanza la kumtambua ni hilo hilo: yuko wapi alipo?

Je, ni ndugu wa utitiri wa kuku?

Ndiyo, na ni ndugu wa karibu kuliko watu wanavyodhani. Ukitamka neno utitiri kijijini, mtu huanza kujikuna akikumbuka banda la kuku. Utitiri mwekundu wa kuku, Dermanyssus gallinae, na huyu wetu wa mhogo wote wako katika oda moja, Mesostigmata. Kupe naye yumo katika kundi kubwa lililo juu ya oda hiyo, liitwalo Parasitiformes.

Kinachowashangaza wengi ni upande wa pili. Utitiri wa kijani, ambaye ndiye chakula chake, hayumo kabisa katika kundi hilo. Yeye ni wa Acariformes, familia ya Tetranychidae, pamoja na utitiri mwekundu wa nyanya na maharage. Kwa hiyo mwindaji wa mhogo yuko karibu zaidi na kupe wa ng'ombe kuliko na utitiri anayeshinda naye kwenye mmea mmoja. Kwa macho wanafanana kama pacha, vidoa viwili vinavyotembea, lakini ukoo wao uliachana zamani sana.

Nipangie ukoo wake kuanzia juu hadi chini.

Himaya ya wanyama, faila ya Arthropoda, wenye miguu ya viungo, kundi la Chelicerata, ngeli ya Arachnida, ambamo wamo buibui na nge, kisha Acari, yaani utitiri na kupe, Parasitiformes, oda Mesostigmata, familia Phytoseiidae, familia ndogo Amblyseiinae, kabila Euseiini, jenasi Typhlodromalus, spishi aripo.

Familia ya Phytoseiidae ndiyo ya kushika. Ina zaidi ya spishi 2,400 zilizokwisha kuelezwa, na karibu zote huishi juu ya mimea zikiwinda utitiri wenzao na wadudu wadogo, au zikila chavua. Jenasi Typhlodromalus iliundwa na Martin Muma mwaka 1961. Kabila la Euseiini ni la juzi tu: lilipendekezwa na Chant na McMurtry mwaka 2005, walipoipanga upya familia ndogo nzima.

Kwa nini mnasema si mdudu?

Mdudu kwa maana ya kisayansi ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo, na kichwani ana vipapasio. Huyu akikomaa ana miguu minane, hana vipapasio, hana mabawa, na mwili wake haukukatika kiunoni. Kwa Kiswahili cha kila siku mwite mdudu, hakuna atakayekushitaki. Kwenye mtihani, usimwite.

Naweza kumwona bila kioo?

Kwa shida. Jike ana urefu wa takriban theluthi moja ya milimita, dume ni mdogo zaidi. Mwenye macho makali akiwa juani ataona nukta nyeupe inayokimbia. Kioo cha mkononi kinachokuza mara kumi kinatosha kumwona umbo: kama tone la maji au embe dogo, mgongo umebinuka na unang'aa, rangi ya maziwa au ya maji ya madafu. Rangi hiyo isikudanganye, kwa sababu ngozi yake inaonyesha kilichomo tumboni.

Mwili wake umegawanyikaje?

Una sehemu mbili. Mbele kuna kipande kidogo cha mdomo, kinachoitwa gnathosoma. Nyuma yake ni mwili wote uliobaki, idiosoma, ambao umebeba miguu, tumbo, na kila kitu.

Kwenye mdomo kuna jozi mbili za viungo. Kelisera ni koleo mbili ndogo zinazosukumwa mbele na kurudishwa ndani. Kila moja ina kidole kisichosogea na kidole kinachosogea, na pembeni mwa vidole hivyo kuna meno. Kwa koleo hizi hushika windo na kulitoboa, kisha hunywa maji ya mwili wake hadi libaki ganda. Linganisha na utitiri wa kijani: kelisera zake zimegeuka kuwa sindano ndefu za kudunga seli za jani na kufyonza. Ndiyo maana jani lake hujaa vidoa vya manjano, na jani alilopita mwindaji halina alama. Jozi ya pili ni palpi, zinazofanana na vijiguu vifupi, kazi yake kupapasa na kuonja.

Mgongo umefunikwa na ngao moja ngumu. Upande wa tumbo kuna ngao kadhaa ndogo: ya kifuani kati ya miguu, ya uzazi nyuma yake, na ya mwisho inayozunguka njia ya haja. Katikati ya ngao hizo ngozi ni laini, na hiyo ndiyo inayotanuka jike anapobeba yai. Yai lake ni kubwa mno kulinganisha na mwili, hivyo bila ngozi hiyo angepasuka.

Hapumui kwa pua wala mapafu. Ana vitundu viwili, kimoja kila ubavu, karibu na miguu ya tatu na ya nne. Kila kitundu kinaendelea mbele kama mfereji mwembamba juu ya ngozi, uitwao peritrema. Urefu wa mfereji huo ni moja ya vitu tunavyopima.

Hizo nywele za mgongoni mnazihesabia nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na ndilo linalowakimbiza wanafunzi.

Spishi nyingi za familia hii zinafanana rangi, ukubwa na umbo. Kilichobaki cha kuzitofautisha ni nywele: ziko ngapi, zimeota wapi, ni ndefu au fupi, laini au zina miba midogo. Kwa bahati njema ni chache. Utitiri wengine wa oda hiyo wana mgongo wa manyoya tele. Phytoseiidae wana chini ya jozi 25, na kila moja ina mahali pake pa kudumu, kama vifungo vya kanzu. Kwa hiyo zimepewa majina. Msingi wa majina hayo uliwekwa na Lindquist na Evans mwaka 1965, kisha ukarekebishwa kwa familia hii.

Mpango wenyewe si mgumu. Gawa mgongo kwa safu za urefu kutoka katikati kwenda pembeni: safu ya j, ya z, ya s, na ya r ukingoni. Nusu ya mbele hutumia herufi ndogo, nusu ya nyuma herufi kubwa: J, Z, S, R. Kisha ongeza namba kuanzia mbele. Ukisikia mtu anasema Z5, anazungumzia unywele wa tano wa safu ya pili katika nusu ya nyuma, ambao kwa spishi nyingi ni mrefu kuliko wenzake.

Hapo ndipo uainishaji unapoanza. Kama nywele z3, z6 na s6 hazipo zote, umeshaingia Amblyseiinae, na familia ndogo nyingine mbili, Typhlodrominae na Phytoseiinae, umeziacha nje. Nimeona mwanafunzi akipoteza mchana mzima kwa sababu s6 aliyoiona ilikuwa uzi wa vumbi. Alipoosha kioo, spishi nayo ikabadilika.

Baada ya mgongo unageuza upande wa tumbo kuangalia umbo la ngao ya mwisho na nywele zilizo mbele ya njia ya haja. Kisha mguu wa nne, kutafuta nywele ndefu kupita kiasi. Mwisho kabisa, ndani ya mwili, unatafuta kifuko cha kuhifadhia manii cha jike. Ni kidogo, kinaonekana kama kikombe au kengele kupitia ngozi iliyong'arishwa, lakini ndicho kinachomaliza ubishi. Spishi mbili zinaweza kulingana nywele zote zikatofautiana shingo ya kifuko hicho.

Dume na jike wanatofautianaje?

Dume ni mdogo, na upande wa tumbo ngao zake za kifuani na ya uzazi zimeungana kuwa moja, huku ya mwisho ikiwa pana yenye umbo la pembetatu. Alama yake kuu iko mdomoni: kidole kinachosogea cha kelisera kina kijiti cha ziada. Hicho ndicho chombo cha kujamiiana. Dume hutoa kifurushi cha manii, hukishika kwa kijiti hicho, na kukiingiza katika vitundu vilivyo karibu na mashina ya miguu ya tatu na ya nne ya jike. Mlango wa yai uko kwingine kabisa.

Katika familia hii jike asiyepandwa kwa kawaida hatagi. Hata hivyo dume hubaki na kromosomu za mama peke yake, kwa sababu zile za baba hutupwa yai linapoanza kukua. Baba anahitajika, kisha anafutwa.

Anapitia hatua gani hadi kukomaa?

Yai la mviringo wa yai la kuku, halafu lava mwenye miguu sita, halafu nimfu wa kwanza na wa pili wenye miguu minane, halafu mkomavu. Kwenye joto la pwani huchukua takriban wiki moja.

Kama hana macho, anapataje windo?

Kweli hana macho. Jina la jenasi lenyewe limeanza na neno la Kigiriki la upofu. Anatembea akiwa ameinua miguu miwili ya mbele bila kuikanyagia, akiipunga kama mtu anayepapasa gizani. Ncha za miguu hiyo zina nywele za kunusa.

Na kuna cha kunusa. Jani la mhogo lililoshambuliwa na utitiri wa kijani hutoa harufu tofauti na jani zima. Majaribio ya Désiré Gnanvossou, Rachid Hanna na Marcel Dicke, mwanzoni mwa miaka ya 2000, yalionyesha kwamba T. aripo akiwekwa kwenye njia panda ya hewa huchagua upande wa harufu hiyo. Mhogo unapiga yowe, naye anaitika.

Anakula utitiri wa kijani tu?

La. Wapo wawindaji wasiojua chakula kingine, kama Phytoseiulus persimilis anayetumika kwenye mashamba ya maua na mboga. Windo likiisha naye anakufa au anahama. T. aripo hana makuu. Akikosa utitiri hula chavua, hasa ya mahindi inayopeperuka na kuanguka kwenye mhogo, na hulamba majimaji yanayotoka kwenye mmea wenyewe. Ndiyo sababu anavuka msimu wa mvua, utitiri wa kijani wanapokuwa wachache, na kiangazi kikiingia yuko tayari nyumbani.

Kwa nini anakaa kwenye ncha, na si kwenye majani yenye chakula?

Mchana hujificha katikati ya majani machanga yaliyokunjana juu kabisa. Usiku hushuka kwenye majani ya chini yake kula, na alfajiri hupanda tena. Alexis Onzo na wenzake walimfuatilia hivyo nchini Benin na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Ndani ya ncha kuna kivuli na unyevu, na mayai ya familia hii hukauka upesi hewa ikiwa kavu.

Aina ya mhogo nayo inamhusu. Mihogo yenye ncha za manyoya humhifadhi vizuri kuliko yenye ncha laini. Ukipitisha kidole kwenye chipukizi ukahisi kama mahameli, huyo ni mwenyeji mzuri.

Basi sisi tunaochuma kisamvu tunamvunjia nyumba?

Ndiyo, kwa kadiri unavyochuma. Kisamvu kizuri ni kile cha ncha, na mama yeyote anajua. Ndugu zetu wa Kongo wenye sombe nao ni hivyo hivyo. Ukikonyoa ncha unaondoka na wawindaji, mayai yao na maficho yao, na wanaishia kwenye kinu. Sisemi watu waache kisamvu. Ninachoshauri ni kuchuma kwa kuruka: mistari hii leo, mingine iachwe, na miezi ya kiangazi kikali upunguze mkono. Shina likiwa na matawi matatu, acha moja na ncha yake.

Alifikaje Afrika?

Alimfuata adui yake. Mhogo ni wa Amerika ya Kusini, na utitiri wa kijani, Mononychellus tanajoa, naye ni wa huko. Gregório Bondar alimweleza Brazil mwaka 1938. Afrika alionekana kwanza Uganda mwaka 1971, karibu na Kampala, bila mwindaji wake hata mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amefika Afrika Magharibi. Hasara zilizoripotiwa zilitofautiana mno kwa mahali, nyingine zikifikia asilimia 80 ya mavuno.

Taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, ilianza kuleta wawindaji kutoka Kolombia katika miaka ya 1980. Waliachiwa kwa mamilioni, wakafa wote. Hakuna spishi iliyoshika. Hapo ndipo walipogeukia kaskazini mashariki mwa Brazil, ambako kiangazi kinafanana na chetu. Mwaka 1989 zikaachiliwa spishi mbili, na mwaka 1993 T. aripo akaachiliwa Benin. Yeye ndiye aliyeenea kuliko wote, na baadaye akapelekwa nchi nyingi za ukanda wa mhogo, Kenya, Tanzania na Kongo zikiwemo. Nyanda za juu zenye baridi ndizo zimemshinda.

Jina lake limewahi kubadilika?

Lake limetulia, ingawa utakuta vitabu vya zamani vimemweka chini ya Amblyseius, jenasi iliyokuwa kama kapu la kutupia kila kitu. Aliyesumbua ni jamaa yake. Mmoja wa wale walioachiliwa mwaka 1989 aliitwa Amblyseius limonicus. Mwaka 1994 Gilberto de Moraes na wenzake waliangalia kundi hilo upya, wakaona wa kwenye mhogo ni spishi nyingine, wakamwita manihoti, kwa jina la mhogo. Sasa yuko jenasi ya Amblydromalus, baada ya kupita pia Typhlodromalus. Kwa hiyo ripoti tatu zenye majina matatu zinaweza kuwa zinamzungumzia utitiri mmoja. Soma mwaka wa ripoti kabla ya kusema spishi zimeongezeka.

Shambani, bila hadubini, nitamtofautishaje na wengine?

Kwanza mwendo. Utitiri wa kijani ni mzito, anashinda chini ya jani akila; mwindaji akiguswa na mwanga hukimbia. Pili, mayai: ya utitiri wa kijani ni duara, ya mwindaji yamerefuka na ni makubwa zaidi. Tatu, mahali. Wa kwenye ncha mchana, karibu kila mara ni T. aripo. A. manihoti hukaa kwenye majani. Kwenye majani utamkuta pia mwenyeji wetu wa Afrika, Euseius fustis, aliyeelezwa na Pritchard na Baker mwaka 1962, ambaye anapenda chavua kuliko kuwinda.

Namna ya kuangalia: usikate ncha. Ishike kwa vidole viwili, fungua majani machanga polepole, na weka kioo karibu kabisa na jicho. Asubuhi jua likishatoka ndiyo saa nzuri.

Anauma watu? Anaweza kugeuka akala mhogo wenyewe?

Hapana kwa yote mawili. Kelisera zake haziwezi ngozi ya mtu, na majimaji ya mhogo anayolamba hayaudhuru.

Nikipiga dawa je?

Utamuua yeye kwanza. Viuatilifu vya kuua kila kitu humfikia mwindaji anayetembea kuliko utitiri wa kijani, na waliobaki watazaana bila wa kuwazuia.

Shamba langu hana. Nitampata wapi?

Kwa jirani mwenye naye. Njia iliyotumika tangu mwanzo ni kukata ncha zenye wawindaji kwenye shamba walilojaa, kuzibeba kivulini ndani ya mfuko wa karatasi, na siku hiyo hiyo kuzibana au kuzifunga kwa uzi kwenye ncha za mihogo mipya. Ncha ya zamani ikinyauka, wao huhamia mbichi. Lakini hakikisha mmea unaoukatia hauna batobato wala michirizi ya kahawia, na chunguza ncha isiwe na nzi weupe au kidugamba, usije ukaleta ugonjwa pamoja na mgeni. Kumvusha mpaka wa nchi ni kazi ya mamlaka ya karantini.

Nataka kumtuma maabara atambuliwe. Nifanyeje?

Mtie kwenye kichupa cha spiriti ya asilimia 70 au zaidi, ukimhamisha kwa brashi nyembamba ya kupakia rangi iliyoloweshwa. Weka majike kadhaa, kwa sababu mmoja akiharibika hakuna wa kumrudia, na dume peke yake hatoshi. Andika kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, maana spiriti hufuta wino: tarehe, kijiji, aina ya mhogo, na kama umemtoa kwenye ncha au kwenye jani. Maabara watamng'arisha kwa asidi ya laktiki, watamlaza kwenye kioo ndani ya gundi ya Hoyer mgongo ukiwa juu, na kukikausha kioo kwenye joto dogo kwa siku kadhaa kabla ya kuanza kuhesabu.